Chiriku wa Chumba cha Kujalidi

Jina lilimfikia asubuhi ya Jumanne, akiwa bado ameshika kitasa cha mlango.

"Chiriku huyo ameingia," mtu alisema ndani, na wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kuzoea jambo.

Fundi aligeuka nyuma amwone huyo aliyeingia naye. Ukumbini hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndoo ya kudekia na tambara lake, basi. Akavua koti, akalitundika, akakaa kwenye stuli yake bila kuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Na hapo ndipo palipomkereketa: jina la msemaji kupewa mtu ambaye ukitaka neno lake lazima uende na koleo. Mkewe alikuwa na mzaha wake wa miaka mingi, kwamba amemzalia watoto watatu mtu ambaye hajamaliza hata kumsalimia.

Miaka thelathini na mmoja Fundi alikuwa amesimamia mtambo mkubwa wa kuchapia vitabu, kule chini kabisa ya jengo. Ulikuwa mtambo wa kutikisa sakafu. Chai ikiwekwa juu ya dirisha ilitetemeka mpaka ikamwagika. Pale chini watu walisemeshana kwa mikono. Kidole juu, ongeza wino. Kiganja chini, punguza mwendo. Kwenye kelele ile mtu angeweza kuimba kwa pumzi zake zote na aliyesimama ubavuni asijue. Kisha ukaletwa mtambo mpya, mdogo kama kabati la nguo, unaoendeshwa na watu wawili walioketi. Ule wa zamani ukafunikwa turubai. Fundi akapandishwa ghorofa ya juu, chumba cha kujalidi, akapewa sindano, uzi na kopo la gundi.

Chumba kile kilikuwa na watu watano na kimya cha kutisha. Aliyeketi mkabala naye ni mshonaji aliyeitwa Kidole Tisa, kwa sababu cha kumi kilibaki kwenye mashine ya kukatia karatasi zamani. Alikuwa mwanaume mjane wa miaka mingi, mtanashati, mwenye kujipaka marashi hata siku ya kufanya usafi. Dirishani aliketi Mama Miwani, msoma prufu, msaka makosa ya chapa, na kamusi yake nene iliyochakaa pembe. Wawili waliobaki walibandika majalada na kuzungumza wao kwa wao. Fundi aliona kwamba walizungumza chini chini mno. Alikuwa ameliona hilo kwa watu wengi siku hizi: mwenye duka, jirani, hata watangazaji wa redio. Ulimwengu mzima ulikuwa umeanza kunong'ona, na mtu akinong'ona mbele yako, ana lake.

Kwa hiyo alipolisikia lile jina, hakulichukua kama mzaha. Wiki mbili nyuma Msimamizi alikuwa amewaita wote akawaonya juu ya kuondoka mapema siku ya Jumamosi, na Fundi alijiuliza nani alimpelekea habari. Sasa alipata jibu la upande wao: walidhani ni yeye. Walikuwa wakimwita mtoa siri, usoni pake, kwa lugha ya mafumbo.

Alingoja wengine waende kula, akamsogelea Mama Miwani.

"Mama, hilo neno, chiriku. Kitabu chako kinasemaje?"

Mama Miwani alimtazama juu ya miwani yake, akafunua kamusi taratibu, akateremsha kidole. "Ndege mdogo mwenye kulialia sana," alisoma. "Maana ya pili, mtu msemaji sana."

"Basi?"

"Basi. Neno limetoka wapi, hawajasema. Mimi nadhani ndege alijitaja mwenyewe. Msikilize tu: chiri, chiri, chiri. Halafu watu wakaona na binadamu wa namna hiyo wapo, wakawapa jina lake."

"Na mtu wa kupeleka maneno? Wa kutoa siri za wenzake?"

"Huyo ana majina yake. Mmbeya. Mdaku. Domokaya. Chiriku hana ubaya huo. Chiriku hampelekei mtu maneno. Anasema tu. Nani amesikia, nani hakusikia, yeye hana habari."

Akamkazia macho kama anayengoja aambiwe kitu. Fundi aliwakumbuka chiriku wa utotoni, jinsi walivyojaa kwenye mtama wa bibi yake, kila mmoja akilia na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Hakuona yanamhusu nini. Akashukuru, akarudi kwenye stuli yake akiwa na hakika kwamba mwanamke yule anajua jambo na amelificha.

Tangu siku hiyo akawa macho, na mtu akiwa macho hakosi cha kuona.

Kwanza lilikuja jino. Gego la nyuma lilikuwa linamuuma siku ya tatu, na hakuwa amemweleza mtu, hata mkewe. Mmoja wa wale wabandikaji akamletea karafuu kwenye kikaratasi. "Weka pale panapouma, Fundi. Itatulia." Fundi alizipokea. Alijipapasa shavu asije akawa amevimba. Hakuwa amevimba.

Likafuata la shemeji. Mdogo wake mkewe, fundi wa simu, alikuwa amehamia kwao kwa wiki moja, na wiki moja ikafika mwezi wa nne. Alilala sebuleni, akaacha nyaya na bisibisi kwenye kiti ambacho Fundi alikalia tangu ujana wake. Fundi alichukia, lakini alichukia moyoni, kama mstaarabu. Basi siku moja Kidole Tisa, akitia uzi kwenye sindano, akauliza bila kuinua kichwa, "Yule shemeji bado hajakurudishia kiti chako?"

Fundi aliacha kushona. "Nani kakwambia habari za kiti?"

Kidole Tisa akamtazama kwa mshangao, akatazamana na Mama Miwani. "Nimeuliza tu," alisema.

Jioni ile Fundi alimkuta shemeji anafunga mizigo. Alikuwa amepata chumba karibu na kazini, alisema, na alisema hivyo akitazama zulia. Hakungoja chakula. Mtu aliyeganda kwenye nyumba miezi minne kama kupe, leo anatoka mbio bila kuambiwa kitu? Fundi aliona kuna analolikimbia. Na kama ndugu anamkimbia dada yake, pengine ni kwa sababu amemwona dada akifanya jambo asilotaka kulishuhudia.

Hapo akaukumbuka ule mkasa wa Alhamisi.

Gego lilipomzidia alikuwa ameomba ruhusa akarudi nyumbani saa nne, siku ya Alhamisi. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alimwambia, kwa ile sauti ya chini ya watu wa siku hizi, kwamba mama ametoka, kama kila Alhamisi. Mkewe alirudi saa saba, amevaa viatu vyake vizuri, akasema alikuwa sokoni. Kikapu kilikuwa hakina hata kitunguu. Fundi hakusema neno. Aliliweka jambo tumboni akalifunga.

Ndipo, Alhamisi iliyofuata, Kidole Tisa alipomsogezea kopo la gundi na kumwambia polepole, kama anayempa pole, "Leo ni Alhamisi, mwenzangu. Usijitese sana."

Hapakuwa na binadamu chini ya jua aliyeambiwa habari ya Alhamisi. Aliijua Fundi, aliijua mkewe, na jirani asiyekanyaga kule kazini. Basi Kidole Tisa angeijuaje, isipokuwa awe ndiye huyo anayefuatwa siku hiyo kwa viatu vizuri? Kweli, Kidole Tisa alishinda chumbani kila Alhamisi. Lakini kila siku alitoka saa tano kwenda kula, na nani alijua anakula wapi? Na yale marashi yote ni ya nani? Huku akishona kurasa za kitabu cha jiografia, Fundi aliipanga kesi yake kichwani, ushahidi juu ya ushahidi, siku hata siku.

Wiki iliyofuata mambo yalizidi kujithibitisha. Kidole Tisa alihamisha stuli yake akaenda kushonea dirishani, amempa Fundi mgongo, na salamu zikakatika. Nyumbani nako, kuanzia Jumatatu, mkewe alimwekea sahani mezani kwa kishindo, akaenda kula jikoni. Siku mbili hakumsemesha. Alikuwa na macho mekundu. Fundi akaona mambo wazi kama mchana: wawili wale wameshtuka.

Akapiga moyo konde. Jumatano aliomba ruhusa ya siku moja. Msimamizi aliikubali kwa haraka ya ajabu, akamwambia, "Nenda, Fundi, ukamalize hilo jambo," na hilo nalo Fundi akaliongeza kwenye orodha. Hata Msimamizi alikuwa anajua.

Alhamisi asubuhi alikaa kibarazani akipiga viatu rangi, akipanga njia yake akilini hatua kwa hatua. Mkewe alikuwa ndani anakunja nguo. Alipoaga kwamba anakwenda kazini, mkewe akatoka na sweta mkononi.

"Chukua hili. Ukikaa sana mahali penye kivuli utaona baridi."

Kazini hakukuwa na kivuli cha kukaa. Fundi alilipokea lile sweta akimchungulia usoni. Hakuona kitu.

Alizunguka nyuma ya banda la fundi baiskeli, akangoja kwenye kona. Saa tatu na nusu mkewe alitoka. Fundi alikuwa amejiandaa kukimbizana, lakini mwanamke alikwenda mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni. Penye njia panda alisimama muda mrefu bila sababu. Alipovuka barabara kuu aligeuka, akatazama upande wa nguzo ambayo Fundi alijibanza, kisha akaendelea, polepole zaidi. Fundi aliwaza vile mtu akiwa mwongo hata mwendo wake unakuwa wa uongo.

Mkewe aliingia geti la hospitali. Hilo hakulitegemea, na hasira aliyokuja nayo ikachanganyika na hofu. Akamfuata kwenye korido ndefu iliyonuka dawa ya kusafishia sakafu, akampoteza, akamwona tena ameketi kwenye benchi kati ya wazee na mama wenye watoto, mkoba wake ameuweka mahali pa kukaa pa pembeni. Fundi akajificha nyuma ya ubao wa matangazo, akangoja aone nani atakuja kukaa pale.

Mkewe, bila kugeuza shingo, aliuondoa mkoba akaupakata. Akalipigapiga benchi kwa kiganja.

"Njoo ukae, baba watoto," alisema kwa sauti ya kutosha. "Nimekuwekea nafasi."

Benchi zima liliinua macho. Fundi alitoka nyuma ya ubao, na sweta lake begani, akaenda akakaa.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Umesema mwenyewe. Asubuhi, ukipiga viatu rangi. Utapita kwa fundi baiskeli, unisubiri penye kona. Nimetembea kama kobe usije ukanipoteza."

"Sikusema. Niliwaza."

"Ndivyo unavyowaza siku hizi. Kwa mdomo."

Fundi alimtazama midomo yake, kama alivyozoea kule mtamboni, kuhakikisha ameyaona maneno yenyewe. "Kwa mdomo namna gani?"

"Kawaida tu. Kama mtu anayemhadithia mwenzake. Ukila, ukioga, ukifunga kamba za viatu. Tangu utoke kwenye mtambo wako ndipo nimeanza kusikia. Pengine ulianza zamani, lakini huko chini nani angekusikia? Wewe mwenyewe hujisikii. Redio unaifungua mpaka majirani wanajua habari kabla ya kuwasha za kwao, halafu unalalamika mtangazaji ananong'ona. Daktari wa masikio anakuja Alhamisi peke yake. Kila wiki naambiwa orodha imejaa, njoo ijayo. Leo jina lako lipo."

Fundi akainamisha kichwa. Yakaanza kumrudia moja baada ya jingine: zile karafuu, kile kiti, ile Alhamisi, Msimamizi na haraka yake. Hapakuwa na mpelelezi. Mtu mmoja tu alikuwa amezunguka na siri za nyumba yake akizimwaga chumba kwa chumba, na mtu huyo alivaa viatu vya Fundi.

"Yule wa kazini," alisema kwa taabu. "Mwenye vidole..."

"Nimeyasikia. Jumatatu, ukimenya chungwa. Mimi na mwanaume ambaye sijapata kumtia machoni. Ulitaka nikupakulie kwa nyimbo?"

"Na ndugu yako?"

"Alikuwa sebuleni, wewe unanawa mikono. Ulimwita kupe."

Muuguzi aliita jina la mtu mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi aliuliza.

Mkewe aliuzungusha mshipi wa mkoba kwenye kidole, akaufungua, akauzungusha tena. "Miaka ishirini na nane nimekaa na mtu nisiyejua anawaza nini," alisema. "Mara ya kwanza kukusikia nilidhani umeniita. Nikaja mlangoni, nikaona unaongea na gundi iliyokuganda kucha. Nikazima jiko nisikie vizuri. Nikasikia unavyouhurumia ule mtambo chini ya turubai. Nikasikia kwamba siku niliyojifungua kitindamimba ulisimama nje kwenye mvua usiku kucha, na mimi hadi hapo nilijua ulikuwa kazini. Ningekuambia, ungefunga mdomo siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikuja huku kila Alhamisi, nilikuja kweli. Lakini wakiniambia orodha imejaa, sitakudanganya, sikusikitika sana."

Fundi aliushika mdomo wake kwa kiganja asije akawa amejibu bila kujua.

Daktari alimvisha vitu masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Fundi alikaa na kitufe chake mkononi kama mwanafunzi aliyesahau jibu. Mlio aliusikia mara chache. Daktari alisema ni kazi ya ule mtambo, miaka thelathini na mmoja bila kuziba masikio. Usikivu uliokwenda haurudi, lakini kuna vifaa vya kumsaidia kwa ule uliobaki.

Ijumaa alikwenda kazini, akavuka chumba akasimama mbele ya stuli ya dirishani.

"Nimekukosea," alimwambia Kidole Tisa.

"Najua. Nilikuwepo." Mshonaji hakuinua macho. "Siku nane nimekaa nikisikiliza jinsi ninavyoiba wake za watu saa ya chakula. Nilihama hapa kwa sababu mkono ulikuwa unaniwasha nikupige. Hata marashi yangu ulisema yananuka kama sabuni ya kufulia."

"Nilikuwa na hasira."

"Kwa hiyo hayanuki?"

Fundi alifikiri, safari hii amekaza midomo. "Yananuka kidogo," alisema.

Kidole Tisa alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. Mama Miwani naye akaiweka kalamu chini.

"Mwanzoni tulidhani unajua," alimweleza Fundi, akimgeukia uso mzima ili amwone. "Tulisema huyu ni mtu wa porojo, tukakupa jina. Siku uliyokuja kuniuliza maana yake ndipo nilipogundua huna habari. Nikawakataza wenzangu kucheka. Lakini tulikwisha kusikia mengi, Fundi. Hakuna aliyejua aanze vipi kukueleza. Mimi nilijaribu kidogo, na kamusi, ukaondoka."

Hakuna aliyesema nani alimpelekea Msimamizi habari za Jumamosi. Fundi alikuwa na mtu anayemdhania, na kwa mara ya kwanza alitazama kwanza kama mdomo wake umefungwa ndipo akaendelea kumdhania.

Vifaa vilifika baada ya wiki sita, viwili, vidogo kama punje za maharagwe. Alipoviwasha, kitu cha kwanza kumgutusha kilikuwa sauti ya mwanaume ikisema kwamba vinabana, vinabana upande wa kushoto. Ilimchukua muda kujua ni nani. Ilikuwa sauti nyembamba kuliko alivyodhani, inafanana na ya baba yake mdogo. Tangu hapo kila maneno yalipoanza kumtoka aliyasikia na kuyakata katikati. Nyumba ikarudia kimya chake. Siku ya nne, mkewe akakokota kiti akaketi mbele yake, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja ofisini na malalamiko.

"Sema," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Anza popote. Ulipokuwa unanawa mikono hukuwa unatafuta mada."

Haikuwa rahisi. Alisema juu ya gundi, akasema juu ya viatu, akakwama. Mkewe hakuondoka. Mwishowe Fundi akasema lile lililokuwa linamkaba: hajui atamtazamaje shemeji.

"Basi hilo kaliseme kwake," mkewe akajibu.

Jumapili alikwenda. Shemeji alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la vioo, kitanda upande huu, meza ya simu mbovu upande ule. Alimkaribisha kwa adabu kavu, akaendelea kuifungua simu ya mtu kwa bisibisi. Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliusikia mlio wa kila skrubu ikidondoka kwenye kisahani, na akajua kwamba zamu ya kunyamaza leo ni ya mwenzake.

Basi akasema. Alisema alimwita kupe na alikusudia, siku ile. Alisema alikitaka kiti chake, si kwamba alimtaka yeye atoke. Kisha akasema ambalo hakuwahi kulisema kwa mdomo wala kwa kuwaza, kwamba tangu aondoke hakuna mtu wa kubishana na redio pale sebuleni, na jioni zimekuwa ndefu. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akarudia yale yale. Shemeji alikuwa ameacha bisibisi.

"Hili la mwisho," aliuliza, "mbona sikuwahi kulisikia?"

"Labda nililisema ukiwa umetoka."

Shemeji alimtazama, kisha akainuka kutafuta vikombe viwili. Fundi alirudi nyumbani jua linakuchwa. Mkewe alikuwa mlangoni, hakuuliza kitu, alimsogelea tu upande wa sikio la kulia, na Fundi akamsimulia kuanzia ngazi za duka la vioo, kila kitu, hata idadi ya skrubu.